Kipimo cha fanksheni pale Tudor, Mombasa: nimempeleka mpwa wangu na haya ndo nloyaona

Watu kama watatu wanne wameniuliza kuhusu ile tathmini ya hesabu za fanksheni (yaani kanuni ya vitu viwili, ukiweka namba hii inakupa namba ile) nlompeleka mpwa wangu, sasa naiandika yote hapa mara moja. Jina la mwalimu sitaji, mwenyewe aliniomba, hana bango wala peji, anachukua watoto 12 kwa Jumamosi moja basi na hataki foleni ngazini kwake. Wazazi huambiana tu. Lakini huduma yenyewe naweza kuieleza kuanzia bei, mahali, karatasi ilivyo, na pale paloniuma pia ntapasema.

Nianze na kwa nini nlimpeleka. Huyu kijana ni mtoto wa dadangu mkubwa, amemaliza fomu foo, hesabu kapata B plein na Septemba anaingia chuo kusomea uinjinia. Nyumbani tulifurahi sana, mamangu alipika biriani ya jirani na jamaa. Lakini mimi nna kovu langu. Mimi nlienda chuo na B plasi ya hesabu na semista ya kwanza kalkulasi, zile hesabu za vitu vinavyobadilika, ikaniangusha, nikapata sapu, nikarudia mtihani watu wako likizo, na kwa miaka sikujua hasa nlikosea wapi manake kudifarenshieti, yaani kutafuta kitu kinabadilika kwa kasi gani, nlikuwa naweza, ukinipa x yenye tatu juu naiteremsha ile tatu mbele, juu inabaki mbili, kazi imekwisha. Sasa mwalimu wa chuo akaweka swali la tangi linavuja, hamna fomula imeandikwa, fomula uitunge wewe mwenyewe kutokana na maelezo, nikalikodolea macho lile karatasi mpaka saa zikaisha. Sikutaka huyu kijana akutane na jambo hilo akiwa peke yake mbali na nyumbani.

Kabla ya Tudor tulipita kituo kimoja cha tuisheni hapa mjini, wanachukua 6,000 kwa wiki nne wanasema ni matayarisho ya chuo. Siku ya kwanza wakampa mtihani wa maswali 40, simplifai hii, faktaraizi hii, solvu hii. Akapata 36. Wakanipigia simu wakaniambia kijana yuko tayari kabisa, nami nikalala usingizi mzuri siku hiyo. Wiki tatu baadaye namuuliza mnafanya nini huko, ananiambia mjomba tunarudia past pepa za KCSE, ule mtihani wa kumaliza fomu foo. Yaani pesa nimelipa afundishwe kile ambacho tayari kakifaulu. Ile 36 kwa 40 ilikuwa inanieleza kwamba mkono wake una kasi, basi, kuhusu kichwa haikunieleza kitu.

Dadangu ndo alosikia kuhusu huyu mwalimu kutoka kwa mama mwenzake kazini. Ni mama wa makamo, amesomesha hesabu sekondari miaka mingi, sasa amestaafu, amekodi chumba ghorofa ya pili juu ya duka la vifaa vya umeme upande wa Tudor. Bei ni 1,500, ndani yake kuna karatasi moja ya dakika 90 na baadaye kikao cha dakika 40 yeye na mtoto na mzazi mmoja wanakaa wanapitia majibu. Kile kikao ndo huduma yenyewe, ukimlipia mtoto halafu usiende kwenye kikao umetupa pesa, nawaambia mapema.

Karatasi ina maswali 25, yote ya kuchagua, kila swali lina majibu matano. Kalkuleta hairuhusiwi. Nlipoambiwa ni ya kuchagua nlivunjika moyo kidogo, nikajiambia mtoto anaweza kukisia, na ukipiga hesabu ya kukisia tupu unapata kama 5 kwa 25. Kwenye KCSE angalau unaandika hatua zako, kuna alama ya njia na alama ya jibu, ukianza vizuri unaokota M1 zako, zile alama za njia, hata jibu likipotea. Hapa hakuna hatua. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho halafu akaniambia kitu kimoja, "Baba, hapa mimi sitafuti jibu alopata sawa. Natafuta kosa alochagua." Sikuelewa siku ile, nimekuja kuelewa kwenye kikao.

Mtindo huu hakuubuni yeye, na mwenyewe anasema wazi. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Arizona State, kuna mtafiti wa elimu ya hesabu anaitwa Marilyn Carlson, yeye na wenzake Michael Oehrtman na Nicole Engelke walichapisha mwaka 2010 kipimo chao cha prikalkulasi, hesabu za kabla ya kalkulasi, kinaitwa Precalculus Concept Assessment au PCA kwa ufupi, na hicho nacho ni maswali 25 ya kuchagua. Kilichonivutia ni vile majibu ya makosa walivyoyapata. Hawakukaa ofisini wakabuni majibu ya uwongo ya kujaza nafasi, waliwakalisha wanafunzi wakawauliza mmoja mmoja umefikiria nini hapa, umefikaje hapa, na makosa yalojirudia kwenye vichwa vya wanafunzi ndo yakawekwa kama machaguo. Kwa hivyo kila kosa kwenye karatasi lina mwenyewe, kuna namna ya kufikiri inayompeleka mtu pale. Halafu wakakijaribu kwa wanafunzi 248 wanaoanza kalkulasi, walopata 13 kwenda juu asilimia 77 walipita ile kozi kwa C au zaidi, na walopata 12 kushuka chini asilimia 60 ama walipata D au F ama waliacha kozi njiani. Hebu fikiria, 13 kwa 25 ni nusu na kidogo tu, na watu washafika chuoni. Nliposoma hiyo nlikaa kimya, manake nnajua upande gani ningekuwa mimi.

Mwalimu wetu hatumii karatasi yao, ametunga yake kwa kufuata njia hiyo hiyo, na makosa ameyakusanya kutoka kwa watoto wa hapa hapa alosomesha yeye, ana madaftari yake ya zamani kabati zima.

Sasa kwenye kikao. Mpwa wangu alipata 11. Alipoambiwa alibadilika uso, mtoto wa B plein huyo, na mimi moyo ukanipiga. Mwalimu hakumpa nafasi ya kuhuzunika, akafungua karatasi akamwambia mwanangu njoo karibu, nieleze hii namba 4 ulikuwa unafikiria nini.

Namba 4 ilikuwa hivi, umetupa jiwe majini, duara la viwimbi linapanuka, rediasi yake inaongezeka sentimita 5 kila sekunde, andika eneo la duara kwa kutumia t, sekunde zilopita. Yeye alikuwa amezungushia pai r skwea. Akasema mwalimu eneo la duara si ndo hilo. Ndo hilo, lakini swali limetaka t, r iko wapi? Akanyamaza. Akamwambia haya, sekunde 1 imepita rediasi ngapi, akasema 5. Sekunde 2? 10. Sekunde t? Akachelewa kidogo, akasema 5t. Basi hiyo 5t ndo r yako, iingize. Akaandika pai mara 5t yote skwea, 25 pai t skwea. Kwenye machaguo kulikuwa pia na 5 pai t skwea, na mwalimu akatwambia mtoto anayechagua hiyo ana ugonjwa mwengine, huyo ameshaona r ni 5t lakini amesahau kwamba skwea inaila na ile 5 pia. Ukijaribu kwa sekunde 2 unaona mwenyewe, rediasi 10, eneo 100 pai, na ile ya makosa inakupa 20 pai. Watoto wawili wote wamekosa, alama sifuri wote, lakini hawawezi kufundishwa kitu kimoja. Pale ndo nikaelewa kile alichoniambia mwanzo. Huyu wa kwangu anaijua fomula kama jina lake ila haoni kwamba ile r nayo inatembea na saa.

Namba 7, f ya x ni x skwea jumlisha 3x, tafuta f ya mabano x jumlisha 2, yaani hiyo x jumlisha 2 yote iingie mahali pa x. Alichukua x skwea jumlisha 3x akabandika jumlisha 2 mwisho. Mwalimu anasema hili kosa analiona kila Jumamosi bila kukosa. Tiba yake ilikuwa fupi, akamwambia x iwe 1, sasa unatafuta f ya ngapi? Ya 3. Piga. 9 jumlisha 9, 18. Na jibu lako linatoa ngapi? 6. Kijana akacheka mwenyewe akaanza upya, kila palipo na x akaweka mabano, akafika x skwea jumlisha 7x jumlisha 10, akaijaribu kwa 1 ikatoa 18. Hakuambiwa afanye hivyo mara ya pili, aliijaribu mwenyewe. Hiyo tabia ya kujaribu namba sijawahi kumuona nayo.

Ya invesi, yaani fanksheni ya kurudi kinyume, nayo nimeipenda. Tuktuk inakuchaji 50 ya kupanda halafu 30 kila kilomita, kwa hivyo f ya k ni 50 jumlisha 30k, sasa ile f yenye ka hasi moja juu, ya 200, maana yake nini? Chaguo alozungushia ni moja gawanya kwa f ya 200, kwa sababu shule alizoea hasi moja juu ni kugeuza sehemu. Jibu ni 5, yaani una 200 mfukoni, unafika kilomita ngapi. Kila mtu hapa Mombasa anaifanya hii hesabu kichwani akiwa amesimama barabarani, anajua ana ngapi na ataweza kufika wapi, hajui tu kwamba kinaitwa invesi.

Ziko nyengine nazipita haraka, ile ya kwenda Malindi kwa spidi ya 60 kurudi kwa 40, weka kilomita 120, wastani ni 48 wala si 50 manake kurudi umekaa masaa 3 na kwenda masaa 2, na ile ya bei kupunguzwa asilimia 20 halafu kupandishwa asilimia 20, elfu moja inarudi 960. Hizo alizipata zote mbili.

Lakini mbili za grafu ndo zenye uzito, na hapa naomba nikae kidogo.

Ya kwanza ya mtungi. Kuna picha ya mtungi, chini duara, tumbo pana, shingo nyembamba iliyonyooka. Unamimina maji kikombe kwa kikombe. Chagua grafu inayoonyesha kimo cha maji kikibadilika kadri vikombe vinavyoongezeka. Yeye alichagua mstari ulonyooka. Sababu yake, maji yanaongezwa sawa sawa kwa hivyo yanapanda sawa sawa. Mwalimu hakusema ndio hakusema hapana, akainuka akachukua mtungi wa udongo pale pembeni, mtungi kweli, mdogo wa kama lita tano, na jagi la maji, kikombe cha chai na kijiti cha mshikaki. Akampa kalamu. Mimina vitano, tumbukiza kijiti, weka alama palipolowa. Vikombe vitano vya kwanza, sentimita 6. Akaendelea, alipofika tumboni vikombe vitano vile vile kijiti kikapanda sentimita 3 kasoro. Kijana akakirudisha tena kijiti akidhani amekosea. Akamimina zaidi, akapita tumbo, alama zikaanza kutanuka tena, alipoingia shingoni kikombe kimoja tu kikapanda sentimita 4, na kilofuata 4 nyengine. Mimi nlikuwa nimekaa kwa kiti cha plastiki nyuma pale nikaona mtoto anageuza kijiti mkononi anaangalia zile alama, zimeachana, zimesogeleana, zimeachana, halafu akasema pole pole, "Mwalimu, kwa hivyo hapa shingoni ndo inakuwa laini iliyonyooka, na hapa tumboni inalala." Ndivyo ilivyo. Inapanda kwa kasi, inalala, inasimama tena, na shingoni inanyooka kwa sababu upana haubadiliki. Hakuna fomula ilioandikwa. Na akili hiyo hiyo, ya vitu viwili vinabadilika pamoja na unauliza hiki kikiongezeka kidogo kile kinaongezeka kiasi gani, ndo kalkulasi yenyewe. Tangi langu la chuo lilikuwa ni huu mtungi kinyumenyume. Nimelijua hilo nikiwa na miaka 34 nimekaa kwa kiti cha mzazi.

Ya pili ya bahari. Grafu ya kimo cha maji siku ya bamvua, saa 4 asubuhi yamekupwa yako sentimita 40, saa 10 jioni yamejaa yako mita 3 na sentimita 60. Swali, ni saa ngapi maji yanapanda kwa kasi zaidi? Yeye alizungushia saa 10, pale juu kabisa. Alichanganya kuwa juu na kupanda kwa kasi, na mwalimu anasema hili kosa liko kwa watoto wazuri wazuri, wanaisoma grafu kama picha ya mlima.

Tulipotoka mle sikumueleza kitu. Jioni tulipofika kwa babangu, yeye amevua maisha yake yote, sasa macho hayaoni vizuri na grafu hajawahi kuiona. Kijana akamwamkia, shikamoo babu, akaitikiwa marahaba, nikamwambia muulize babu lile swali la maji. Akamuuliza, babu maji yakianza kujaa saa 4 yakamaliza saa 10, yanakimbia zaidi saa ngapi? Babangu hata hakufikiria. "Saa 7. Yakianza hayana nguvu, yakimaliza yamechoka, yakiwa katikati ndo usiweke ngalawa bila ya kuijua." Kijana akanitizama. Akaenda akachukua karatasi akaichora ile grafu, akapima saa 4 mpaka saa 5 maji yamepanda kama sentimita 20, saa 6 mpaka saa 7 sentimita 80, saa 9 mpaka saa 10 tena 20. Akamuonyesha babu yake kwa kidole, hapa ndo katikati unaposema, babu akapapasa karatasi kana kwamba anaona. Wamekaa na ile karatasi mpaka isha.

Sasa yale yaloniuma.

Majibu yanachelewa. Niliambiwa Jumatano, nikapata baada ya siku 9, na simu ilikuwa haishikwi. Nlipofika akaniomba radhi, akasema anasahihisha mwenyewe na kila karatasi anaandika ukurasa mzima, nami nimeuona huo ukurasa, una kazi kweli, lakini basi awaambie watu wiki mbili tangu mwanzo mtu ajipange. Chumba nacho kina joto, feni ni moja na watoto 12, na kule chini fundi wa dukani ana nyundo yake. Mtoto akikaa dirishani ana bahati.

Karatasi yake huruhusiwi kwenda nayo nyumbani. Nlibisha hilo, nimelipa bwana. Sababu yake ni kwamba ikipigwa picha moja tu ikaingia kwenye magrupu ya WhatsApp kesho watoto wanakuja wamekariri na kipimo kimekufa. Nimekubali lakini angetoa basi mifano mitatu minne ya kufanana, mtoto abaki na kitu cha kushika. Ule ukurasa wake unataja namna ya kufikiri tu, kwa mfano wa kwetu umeandikwa "anaiona fanksheni kama amri ya kupiga hesabu moja, bado haioni kama uhusiano wa vitu viwili vinavyotembea", ni kweli kabisa lakini dadangu aliusoma mara tatu akanirudishia.

Halafu lugha. Maswali yako kwa Kiingereza kwa sababu chuo ni Kiingereza, sina ugomvi, ila kuna maswali mawili mtoto alikosa kwa sababu ya sentensi ndefu, kwenye kikao aliposomewa kwa Kiswahili akajibu papo hapo. Mwalimu mwenyewe aliandika pembeni kwamba hayo mawili ni ya lugha. Mimi nadhani angewapa karatasi yenye lugha zote mbili, aone tofauti. Nlimwambia, akasema amelifikiria ila neno kama fanksheni watoto wa Kenya hawalijui kwa Kiswahili na yeye hataki kuwaongezea mzigo siku ya kipimo. Bado naona kuna nafasi hapo.

Na trigonometri ni kidogo mno, maswali mawili tu. Anayekwenda kusomea mambo ya umeme ataihitaji zaidi ya hapo.

Nani aende? Mtoto alomaliza fomu foo anaingia kozi yenye kalkulasi, hasa kama alama zake ni nzuri, manake huyo ndo hatashukiwa na mtu. Kwenye mtaala wa 8-4-4 hawa watoto wamekutana na y kila siku na f ya x kwa nadra, halafu fomu foo wanafundishwa kudifarenshieti na kuintigreti, kwa hivyo wanafika chuo mikono inajua na hawajawahi kuulizwa wanaelewa nini. Mtoto alokwama kwenye sehemu na aljebra ya kawaida asiende kwanza, atatoka na 5 na hatajua lipi ni lipi, huyo atafutiwe mtu wa kumsomesha taratibu. Na kama unatafuta wa kumsomesha mtoto KCSE hapa sipo, hapa hasomeshwi mtu, anapimwa na kuelezwa.

Mpwa wangu baada ya kile kikao hatukumrudisha kituoni. Amesoma nyumbani wiki tano, jioni saa moja moja, mimi naye, tukachukua kitu chochote kinachobadilika tukakichora. Maji ya mtungi, chaji ya simu, nauli, mshumaa umeme ulipokatika. Kabla ya kupiga hesabu yoyote nilimlazimisha aniambie kwa mdomo, nini kinabadilika, na nini kinabadilika nacho. Mwanzo alikuwa anachukia, anataka fomula. Wiki ya tatu akaanza kuniuliza mimi. Jumamosi ilopita akarudi Tudor kwa karatasi ya pili, ni tofauti lakini mtindo ule ule, ya marudio ni 800, na leo nimepata ujumbe, 17. Swali la grafu alokosa safari hii ni moja tu, na kosa alochagua si lile la kusoma grafu kama mlima, mwalimu kaandika hivyo kwa wino mwekundu na kachora mstari chini.

Ukienda, fika kabla ya saa 2 asubuhi ukapate viti vya dirishani, mtoto abebe penseli na kifutio, maji ya kunywa pia. Kalkuleta iache nyumbani. Na siku ya kikao kaa nyuma kwenye kile kiti cha plastiki, usimjibie mtoto, mimi nlimjibia mara moja pale kwenye tuktuk na mwalimu akasimamisha kikao mpaka nikanyamaza.